Siku Baraza Liliposubiri Paka Alale

Mpaka leo sijaelewa ilikuwaje watu wazima, wenye wake na ng'ombe na akili zao timamu, wakakaa juani wakisubiri paka mmoja asinzie. Nilikuwepo. Nilikaa upande wa wanawake, nimeziba mdomo kwa kanga, na kila nikikumbuka jinsi watu walivyokuwa wakiwanyamazisha watoto ili yule paka apate usingizi, mwili unanisisimka upya. Paka alikuwa wa Mkunga. Na uhai wa Mkunga ulitegemea namna paka huyo atakavyolala.

Namwita Mkunga kwa sababu ndivyo sote tulivyomwita. Jina alikuwa nalo, la nyumbani na la ubatizo, lakini sikupata kumsikia mtu akilitumia. Alizaliwa wapi na wazazi wake walikuwa nani, hayo waulizwe wengine. Mimi nilimkuta pale nilipoolewa, kijijini kwetu upande wa Mtinko, enzi za Mwingereza. Mume wangu hakukaa. Alikwenda kukata mkonge pwani huko kama vijana wengi wa siku zile, akaniacha kwa mama yake. Tembe la mama mkwe na tembe la Mkunga yalitenganishwa na ua wa minyaa tu, kwa hiyo miaka yangu ya kwanza ya ndoa niliishi na wanawake wawili wazee, mmoja upande huu wa ua na mwingine upande ule.

Asubuhi ya kwanza baada ya mume wangu kuondoka, alikuja kunitazama. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku akinizunguka kama mtu anayenunua ndama. Kwa kuwa mume wangu alipokewa kwa mikono yake siku aliyozaliwa, alimwita mume wake, na mimi nikawa mke mwenzake.

"Mke mwenzangu," akasema, mbele ya watu, "nyonga unazo. Sasa mwandikie mume wetu arudi, zisije zikakaa bure."

Nilikosa pa kuweka uso. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Walikuwa marafiki wa chanda na pete, hao wawili. Walipeana ugoro, walitwangiana uwele, na mmoja akipika mlenda mwingine hakuwasha moto jioni hiyo. Nalisema hili mapema ili mjue ni nani aliyekuja kusema nini baadaye.

Kazini alikuwa mtu mwingine. Akiitwa kwa mzazi aliingia bila hodi, akaomba maji ya moto na majivu, akanawa mpaka kwenye viwiko, kisha akafukuza watu. Mume nje, mama mkwe nje, mashangazi nje. "Humu ndani kuna mama mmoja na mtoto mmoja," alikuwa akisema. "Waliobaki wote ni inzi." Mwanamke akipiga kelele ovyo alichapwa kofi la paja, na kofi likishatua Mkunga alianza kuimba taratibu, akimpapasa mgongo, mpaka kelele ikageuka kuwa pumzi. Mimi mwenyewe, nikiwa nje mlangoni, nimelisikia kofi hilo, na wimbo huo nimeusikia. Mikono yake ilikuwa midogo, mikono ya msichana kwenye mwili wa kizee, na ilijua njia hata gizani.

Mtoto akitoka salama, alimwinua juu, akamtazama, akakunja uso. "Kabaya haka," alisema. "Kabaya kweli. Sijapata kuona." Watoto wote wa kijiji chetu waliingia duniani kwa tusi hilo, na hakuna aliyemsikia akisifu mtoto kabla kitovu hakijadondoka. Mimi nilidhani ni utani wake mwingine. Nilimuuliza mara moja, akanikata jicho. "Maneno yangu niachie mwenyewe," akanijibu, na nikajua hapo pameshafungwa.

Ajabu yake ni kwamba kwa mambo mengine hakuwa na hofu kabisa. Rozari ilikuwa shingoni na Jumapili alikuwa kanisani, lakini maulidi yakisomwa kwa Waislamu wa ng'ambo ya korongo alikuwa wa kwanza kukaa kwenye jamvi, na alirudi akinuka pilau. Waganga aliwacheka waziwazi. Alisema mganga na mgonjwa wana ugonjwa mmoja, njaa, tofauti ni kwamba mmoja anaukiri. Jumbe wa kijiji alimwogopa kwa ulimi huo. Mtu akija kumwambia bundi amelia juu ya paa, alimuuliza bundi aombe ruhusa kwa nani.

Watu aliwafokea, paka alimbembeleza. Ukitaka kumwona mkunga yule akilegea, umtazame akimtafunia paka nyama, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtoto wa mtu. Alikuwa paka dume wa rangi ya majivu, mnene, na alimpa jina la Bwana Shauri. Sababu alikuwa nayo. Bwana Shauri mwenyewe, yule Mwingereza wa boma la Singida, alikuwa akija kijijini kwa nadra, anawekewa kiti kivulini, watu wanaeleza malalamiko yao yote ya kodi na malisho, naye kichwa kinamwangukia kifuani. Akiamka anakula kuku, anaondoka. Basi ukikuta paka kalala njiani ukataka kumsogeza, Mkunga alikuzuia. "Mwache Bwana Shauri. Anasikiliza kesi."

Paka huyo alilala kwenye ngozi ya mbuzi, upenuni mwa tembe. Mara ya kwanza nilipomwona usingizini nilipiga kelele. Alikuwa ametulia vizuri tu, mara sharubu zikaanza kucheza. Kisha sikio likaruka. Kisha miguu ikashtukashtuka, makucha yakatoka na kurudi, mgongo ukatetemeka wote, na taya likagonga likitoa kasauti kadogo. Nikajua ni kifafa. Nikamwita Mkunga aje, paka wake anakufa.

Alitoka, akatazama, akacheka. "Hafi huyu, mke mwenzangu. Yuko kazini. Kaa hapa nikueleze."

Akachuchumaa karibu na paka akaanza kunieleza kile paka alichokuwa akikiota, kwa sauti ya chini. Sasa ametoka mlangoni. Sasa ananyata ukutani kwa jumbe. Ameona jogoo. Tulia, tulia, usipumue. Ruka! Na kweli, aliposema ruka, miguu ya nyuma ya paka ilipiga hewa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Tangu siku hiyo nikawa mmoja wa wale waliokuja na ungo wa karanga kila mchana, kumenya na kusubiri paka aanze kutetemeka. Ndiyo iliyokuwa starehe yetu. Mama mkwe alikaa mbele kabisa, na yeye ndiye aliyekuwa akimwomba. "Mwambie ashike, mwenzangu. Mwambie ashike!"

Kisha ikaja miaka ya simba.

Asiyekuwepo hawezi kuujua woga ule. Watu waliuawa mashambani mchana kweupe, uwele ukiwa umerefuka kumpita mtu, na ikasemwa kwamba simba wale si wa porini. Ni simba wa kutumwa. Kuna mtu amekaa kwake ametulia, anakula ugali wake, na simba wake yuko kazini. Wengine walisema ni binadamu waliovalishwa ngozi. Askari wa boma walikuja wakachukua watu, na wapo waliochukuliwa wasirudi. Majirani walianza kutazamana mikono. Ukikaa kimya, unatuma. Ukicheka sana, unatuma pia. Mkunga alidharau yote hayo. "Simba ana meno yake na tumbo lake," alisema. "Anitumikie mimi kwa nini?"

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa kawaida. Tulikuwa upenuni na karanga zetu, mimi nikiwa nimekaa karibu na ngozi ya paka, mama mkwe mkabala nami, na wanawake wengine wa jirani. Bwana Shauri akaanza. Sharubu, sikio, miguu. Mama mkwe akamsihi Mkunga aanze, na Mkunga akaanza. Ameingia shambani leo, akasema, huko kwenye uwele mrefu. Ananyata. Amekiona kitu juu, kinapigapiga makofi. Kimeteremka. Haya, Bwana Shauri, ruka! Mshike! Mshike shingoni! Paka akarusha makucha, taya likagonga, tukacheka sote.

Hata kicheko hakijakauka, tukasikia yowe kutoka bondeni.

Alikuwa binti wa jirani yetu, aliyekuwa kwenye dungu akiwinga ndege wasile uwele. Aliteremka kunywa maji. Wanaume walimleta amefunikwa shuka, na mmoja wao, akihema, akamwambia mama yake kwamba hakuteseka, simba alimshika shingoni. Nilimtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa akimtazama Mkunga. Ungo ulikuwa umemponyoka, karanga zimesambaa chini, na hakuna aliyeinama kuziokota.

Mkunga ndiye aliyemwosha yule binti. Alimpokea yeye, akamwosha yeye. Alitoka ndani, akaenda kwake.

Asubuhi mama mkwe alijifunga kanga akasema anakwenda kwa jumbe. Nilimwuliza anakwenda kusema nini.

"Nilichokisikia."

"Mama, lakini ni mchezo! Wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia aanze."

"Ndiyo maana lazima niwahi mimi," akasema. "Tulikuwa wengi pale. Wakitangulia wengine, watasema tulituma wote. Watakuja kukuchukua na wewe, na mwanangu hayupo."

Rafiki wa ugoro na mlenda! Alikwenda, akasema, na kabla ya saa sita askari wa jumbe walikuwa wamesimama upenuni kwa Mkunga.

Baraza lilijaa. Tarishi wa chifu naye alikuwepo, maana neno likishatoka pale, linalofuata ni boma na kamba ya shingo. Jumbe akataka shahidi aeleze, mama mkwe akaeleza, macho yakiwa chini. Mama wa marehemu alikuwa amekaa peke yake, hatikisiki. Kisha jumbe akasema maneno ambayo nilidhani sikuyasikia vizuri. "Huyo paka aletwe. Alale hapa, tumwone."

Wakamleta ndani ya tenga. Tarishi akauliza paka anaitwaje, na watu wote wakainamisha vichwa. Wakamwekea maziwa. Hakulala. Nani angelala? Alikimbilia kona hii, akakimbilia ile, watu wakarudi nyuma wakipiga kelele kana kwamba ni simba mwenyewe. Jumbe akaamuru kimya. Ndipo watu wazima wale wakaanza kuwaziba watoto midomo. Anayekohoa alikohoa ndani ya nguo. Jua likatuchoma, paka akatutazama, nasi tukamtazama.

Mwishowe jumbe akamwambia Mkunga amlaze mwenyewe.

Alimchukua mapajani. Alijua anachokifanya, nawaapia alijua. Mikono ile midogo ikampapasa mgongo taratibu, na akaanza kumwimbia ule wimbo wa wazazi, wimbo ambao nusu ya wanawake waliokuwa pale walizalia. Paka akafumba macho. Tukangoja. Sharubu zikacheza. Mguu ukashtuka, makucha yakatoka, taya likagonga, na baraza zima likasimama kwa mkupuo. Mtu mmoja akalia "Anaua! Anaua sasa hivi!" na wanaume wakageuka kutazama upande wa mashamba.

Mkunga hakuinuka. "Paka wote hulala hivi," akasema. "Leteni wa kwenu."

Tarishi akaona ni haki, akatuma aletwe paka wa karibu, na paka wa karibu alikuwa wa mke wa jumbe. Huyo alikuwa ameshiba, hakuwa na shida na mtu. Akalala pale pale alipowekwa. Naye, hata hatujatulia vizuri, akaanza: sharubu, sikio, miguu, taya.

Nikasema kimoyomoyo, amepona! Nilitaka kupiga vigelegele. Nikatazama nyuso nione zikilegea, na hazikulegea. Zilikuwa zimekakamaa zaidi. Mzee mmoja akasema polepole, "Kumbe ni wote."

Jumbe alifikiri haraka, na mimi niliona kabisa alichokuwa anakifikiri, maana jasho lilimtoka akimtazama mkewe. Akasimama. Akasema wanawake hawana kosa, hawakujua wanalala nyumba moja na nini. Kosa ni la paka. Paka wote wa kijiji wauawe leo leo, na Mkunga ataachwa huru akimuua wa kwake kwa mkono wake, mbele ya watu.

Nilijua atakataa. Niliufahamu ulimi wake, nikaungoja ulimi huo. Badala yake alimfunga paka ndani ya kanga yake mwenyewe, taratibu, akiwa bado usingizini, akamlaza chini, akaomba mchi. Alipiga mara moja. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha kuliko pigo lenyewe. Akamwinua akiwa ndani ya kanga, akaondoka naye, na watu wakampisha njia.

Kabla ya jua kuzama hapakuwa na paka hata mmoja kijijini. Msimu ule panya walitutawala. Walitoboa vilindo vya nafaka, walikimbia juu ya vifua vyetu tukiwa tumelala, waliwatafuna watoto visigino. Hakuna aliyethubutu kutaja sababu. Simba naye hakurudi. Uwele ulikuwa umevunwa, hana pa kujificha, lakini watu walisema si mmeona? Tuliua paka, simba akakoma. Hata mama mkwe alisema hivyo, ingawa alisema bila kunitazama.

Mkunga aliendelea kuitwa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Alikuja, alinawa majivu, aliimba, alipokea. Lakini utani ulimkauka. Aliwainua watoto akawarudisha kwa mama zao bila kuwatukana, na wanawake waliogopa ukimya huo kuliko walivyowahi kuogopa kofi lake. Upenuni kwake hapakukaa mtu tena. Mimi nilimpelekea mlenda, akaupokea mlangoni, akashukuru. Tulisema wote, hata mimi nilisema, kwamba moyo umemgeuka jiwe, kwamba ametoa uhai wa kipenzi chake ili aponye shingo yake na sasa anaona haya. Kisha binti yake aliyeolewa Iguguno akaja kumchukua.

Miaka ilipita. Mume wangu alirudi, tukapata watoto, mama mkwe akazeeka akafa. Siku zake za mwisho alinishika mkono akaniambia nikimwona Mkunga popote nimwombee radhi. Kwa hiyo tulipoalikwa harusi Iguguno, bado ni utawala wa Mwingereza lakini vijana wameshaanza kunong'ona mambo yao, niliuliza nyumba ya binti yake nikaelekezwa.

Nilimkuta amekaa ukutani. Macho yalikuwa yamefunga ukungu. Nikamsalimu, "Shikamoo, bibi," akainua kichwa.

"Marahaba. Mke mwenzangu huyo! Mume wetu alirudi?"

"Alirudi, bibi."

"Na nyonga zilifanya kazi?"

Nilicheka, na nilitaka kulia kwa kumsikia tena. Nikamshika mikono. Nikampa habari za kijijini, kisha nikamfikishia salamu za marehemu. Nikamwambia mama mkwe alijuta mpaka anakata roho, na anaomba radhi.

"Radhi ya nini?" akasema. "Alisema alichokisikia."

"Bibi, alikusingizia."

"Hakunisingizia." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeeleza namna ya kukoroga uji. "Mimi ndiye niliyesema ruka. Mimi ndiye niliyesema mshike shingoni. Binti yule nilimpokea kwa mikono hii, na nikamtumia simba kwa mdomo huu."

Nilishtuka mpaka nikaiachia mikono yake. Yule aliyecheka waganga! Aliyeuliza bundi aombe ruhusa kwa nani! Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe barazani, kwamba paka wote hulala hivyo.

"Nilisema. Mtu akiona kifo husema. Lakini nilipompakata pale, akaanza tena kutetemeka, nikasikia mwilini kwangu kwamba anakwenda kwa mtoto mwingine. Mlidhani nilimpiga ili nipone mimi? Nilimpiga ili mpone ninyi. Na mkapona. Simba hakurudi." "Kuna jambo moja tu limenikosesha usingizi miaka yote. Wewe ulikuwa umekaa karibu na paka kuliko sote. Alipomaliza, kabla ya yowe, alijilamba mdomo, kama aliyekula?"

Nilikumbuka vizuri. Mkia wa paka ulikuwa umegusa mguu wangu. Nikamjibu kwa haraka, kwa furaha, nikiona sasa Mungu amenileta Iguguno kwa sababu.

"Hakujilamba, bibi. Hakumaliza chochote. Alikuwa bado anatetemeka vile vile yowe lilipopigwa. Yowe ndilo lililomwamsha, akakimbilia ndani akajificha nyuma ya mtungi. Alikuwa paka tu, bibi. Alikuwa anaota tu."

"Una hakika?"

"Naapa."

Alikaa akinielekezea yale macho yasiyoona.

"Basi nilimuua bure," akasema.

Kisha Mkunga, ambaye sikumwona akitoa chozi juu ya maiti wala juu ya mtoto, alijifunika kanga usoni akalia kwa sauti kubwa, mpaka binti yake akatoka jikoni anakimbia, mikono imejaa unga, akiniuliza nimemwambia nini mama yake.